Bosi Kakojoa

Nianze kwa kusema lile jina sikulitoa mimi. Watoto ndo walimwita Bosi, siku ile ile aliyoingia ndani, kwa sababu alipita sebuleni bila kumwangalia mtu akaenda kulala juu ya viatu vyangu. Wiki nane, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, tumbo kama ngoma. Nikaona sawa tu, Bosi ni jina fupi, mbwa atalishika haraka. Sikufikiria mbali. We ungefikiria?

Usiku wa kwanza hakulala mtu. Asubuhi yake alikuwa na mama yake na ndugu zake watano wamelaliana, usiku yuko peke yake kwenye boksi, na kile kilio jamani hakikuwa cha mbwa, kilikuwa cha mtu aliyedhulumiwa mirathi. Nikamuwekea chupa ya maji ya moto nimeizungushia taulo, nikamuwekea na tambara tulilopewa lenye harufu ya mama yake, akanyamaza dakika kumi kisha akaanza upya na sauti nyingine kabisa, nadhani alikuwa anapumzisha ile ya kwanza. Saa nane usiku nikaburuza godoro mpaka sebuleni nikalala chini, mkono mmoja ndani ya boksi, hapo ndo akatulia. Mke wangu alipita kwenda kunywa maji, akatutazama, akasema, "Jana nilikuwa na watoto wawili, leo wanne." Akarudi kulala.

Sasa njoo kwenye mkojo. Mbwa wa miezi miwili akijitahidi sana anabana masaa mawili, na hapo awe amelala. Akiwa macho ni balaa. Akiamka anakojoa, akila anakojoa, akicheza anakojoa, akifurahi kukuona anakojoa palepale miguuni kwako huku mkia unatikisika, unashindwa hata kukasirika. Mie nilikasirika. Nilimfokea siku mbili mfululizo nikadhani namfundisha, na kweli akajifunza, akawa anaenda kukojolea nyuma ya kochi. Yaani alichoelewa sio kwamba ndani hapakojolewi, alielewa kwamba hapakojolewi mbele ya huyu mtu. Halafu nikawa nafuta kwa dawa kali ya sakafu yenye amonia, nyumba inanukia usafi, mie najisifu, kumbe mkojo nao una harufu ya amonia, kwa pua ya mbwa ni kama nimemuwekea kibao choo hiki hapa karibu. Tukahamia kwenye siki na maji. Nyumba ikawa inanuka kachumbari lakini angalau alipasahau.

Ni wiki hiyo hiyo ndo nilimwandikia mke wangu meseji, usingizi umenijaa: "Bosi kakojoa kitandani tena nimebadilisha mashuka, sa hizi kalala anakoroma, ukitoka kazini pitia umchukulie dawa ya minyoo." Nikatuma. Nikaiweka simu chini, nikapika chai, narudi naona mke wangu hajajibu, naangalia vizuri, nimetuma kwenye grupu la kazini. Watu arobaini, na bosi mwenyewe yumo. Nikafuta fasta lakini wapi, walishasoma wote. Aliyejibu ni mmoja tu, yeye mwenyewe. "Asante kwa taarifa."

Tuendelee, hilo bado linaniuma.

Daktari wa mifugo alisema asikanyage nje wanakopita mbwa wengine mpaka amalize chanjo, na sisi tuko ghorofa ya tatu, kwahiyo ikabidi magazeti. Unatandika gazeti kwenye kona, kila akiamka au akimaliza kula unambeba mpaka pale, unasubiri, anajizungusha, ananusa, akishusha kiuno tu unajua tayari. Akimaliza unampongeza palepale, sio baada ya dakika mbili maana atakuwa ameshasahau anapongezewa nini. Tukaweka sheria, mtu yeyote akimuona kakojolea gazeti apige makofi, aseme vizuri sana, ampe kipande cha biskuti yake. Mie nikawa natembea na zile biskuti mfuko wa shati mchana na usiku. Kila siku chache tunalisogeza gazeti kidogo kuelekea mlangoni.

Ikafanya kazi, siongopi. Wiki ya tatu Bosi akiona gazeti anakimbia mwenyewe. Ila na sisi tulikuwa tumeshaharibika. Ukifungua bomba jikoni, mwanangu mdogo huko chumbani anapiga makofi. Mke wangu akisikia makofi tu, popote alipo, anaita, "Bosi kakojoa?" na mtu anamjibu ndiyo au hapana. Ndo maisha yetu yalivyokuwa.

Jumapili moja baba mkwe akaja. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooshwa mpaka mstari unakata, na mbwa ndani ya nyumba kwake ni jambo ambalo halijadiliwi. Tukakubaliana asijue. Bosi akafungiwa chumbani, magazeti yote yakaondolewa, watoto wakaonywa. Mzee akala, akashukuru, akakaa kwenye kiti changu, akatoa gazeti lake kwenye mfuko wa koti. Hilo hatukuliwaza.

Akasoma kama dakika kumi, akasinzia. Gazeti likateleza mapajani taratibu likaangukia miguuni kwake, nusu sakafuni nusu juu ya soksi. Na wakati huo huo namuona Bosi kwenye korido, mlango kaufungua nani mpaka leo hakuna aliyekiri.

Akaliona gazeti.

Nilikuwa na muda, nakubali. Lakini nikipiga kelele Mzee ataamka, na Bosi ukimshtua katikati anakimbia huku anaendelea kumwaga, atapaka nyumba nzima. Wakati bado napima hayo akazunguka mara moja, akanusa, akazunguka tena, akashusha kiuno. Akakojoa mkojo mrefu ambao sijawahi kuuona kwake, halafu akajiingiza chini ya kiti cha Mzee kusubiri haki yake.

Mdogo alikuwa mlangoni. Akapiga makofi. Mkubwa naye akadakia. Na mie, naapa sikuamua, mikono ilinyanyuka yenyewe, nikajikuta nimepiga magoti pale mbele, biskuti mkononi, nasema kwa ile sauti yetu ya kubembeleza, "Umekojoa vizuuuri, vizuri sana, mtoto mzuri!"

Mzee akafungua macho.

Aliona wajukuu wanapiga makofi. Akaniona mimi chini ya magoti yake na biskuti. Akashusha mkono polepole akagusa soksi, ikawa imelowa. Nilimuona anavyohesabu. Akavuta koti akalifunika paja, akainama karibu na sikio langu.

"Baba," akaninong'oneza, "binti yangu asijue."

Kutoka jikoni mke wangu, kama kawaida yake: "Bosi kakojoaaa?"

Mzee akashusha pumzi. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Bahati mbaya."

Mke wangu akatokea na taulo la mikono, kasimama mlangoni, anashindwa pa kuangalia. Mie nataka kusema lakini kucheka kumenikaba. Hapo ndo Bosi alipochoka kusubiri, akatoka chini ya kiti na kipande cha ukurasa wa michezo mdomoni, akakaa mbele yangu, mkia unafagia vigae.

Mzee akamtazama Bosi. Akatazama gazeti. Akanitazama mimi kwa muda mrefu sana, kama ananisahihishia mtihani. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile biskuti kwenye vidole vyangu kabla sijajua niseme nini, akaila.

Akatafuna, akameza.

"Haina sukari," akasema.

Hakuna aliyemjibu.