Mwacheni Hitori na woga wake

Hadithi nyingi za watu wenye haya huharibikia mwishoni. Msichana asiyeweza kumtazama mtu machoni anapandishwa jukwaani, taa zinamulika, anapiga wimbo mmoja, na kuanzia hapo amepona. Kesho yake anacheka na darasa zima. Bocchi the Rock!, anime (katuni ya Kijapani ya kutazama) ya sehemu 12 iliyotengenezwa na studio ya CloverWorks na kuonyeshwa Japani kati ya Oktoba na Desemba 2022, imekataa kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo naiweka juu ya anime zote za muziki nilizowahi kutazama.

Hitori Gotoh ni mwanafunzi wa sekondari anayeishi Kanazawa-Hakkei, Yokohama, na kusafiri karibu saa mbili kwenda shule Tokyo, ili tu asome mahali ambapo hakuna anayemfahamu. Gitaa amejifunza mwenyewe kwa miaka mitatu, kila siku kwa muda wa saa sita, mara nyingi akiwa amejifungia kwenye kabati la kuwekea matandiko. Video anazoweka mtandaoni zina mashabiki, nao hawajui anayepiga ni nani. Siku moja analibeba gitaa hadi shuleni akitumaini angalau mtu mmoja atamuuliza habari zake. Haulizwi. Anakutwa kwenye bustani na Nijika Ijichi, mpiga ngoma ambaye bendi yake imekimbiwa na mpiga gitaa siku ileile ya onyesho.

Hapo ndipo Aki Hamaji, mwandishi wa manga, yaani kitabu cha katuni ambacho anime hii imetokana nacho, alipoonyesha kwamba anaujua muziki na anaujua woga. Fundi huyu wa kabatini, akikaa na wenzake, anapiga vibaya. Vidole havijasahau kitu. Tatizo ni kwamba kupiga na watu kunataka umsikilize mpiga ngoma, umtazame mpiga besi, ujue mwimbaji anavuta pumzi wapi, naye Hitori hawezi kuinua macho. Anakimbia mbele ya mdundo. Upweke wake unasikika kwenye muziki, na hakuna mazoezi ya peke yake yatakayouondoa, maana ni mazoezi ya peke yake yaliyomfikisha hapo.

Onyesho lao la kwanza analipiga akiwa ndani ya boksi la maembe. Watu hucheka sana wakifika hapo, nami nilicheka, lakini angalieni Nijika na Ryo Yamada, mpiga besi wa bendi, wanafanya nini. Hawamwambii ajikaze. Boksi linaletwa, anaingia, wanapiga. Miaka mingi nimewaza jinsi tunavyowatendea watoto wa aina hii kwetu. Mgeni akifika, mtoto anasukumwa sebuleni aamkie. Moyoni ameshasema shikamoo mara kumi, sauti haitoki, na watu wazima wanaamua kwamba anaringa au hana adabu. Kisha anaambiwa achangamke, kana kwamba uchangamfu ni nguo aliyoisahau chumbani.

Bendi hii, Kessoku Band, haimdai uchangamfu. Hitori anapopewa kazi ya kuandika mashairi, anajaribu kuandika maneno ya kutia moyo, yale ambayo anadhani vijana wenye furaha huyapenda. Ryo anakataa. Yeye aliwahi kuiacha bendi yake ya awali iliyopoteza sauti yake kwa kutafuta soko, kwa hiyo anamwambia aandike yaliyo yake, hata yakiwa ya giza. Ryo ni mkopaji asiyelipa na rafiki mgumu, lakini katika mazungumzo yale alimpa mwenzake heshima ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kumpa.

Sehemu ya sita ndiyo ninayoirudia zaidi. Wanatakiwa kuuza tiketi 20 za onyesho, kila mmoja tano, na Hitori hana watu watano wa kuwauzia. Anakutana na Kikuri Hiroi, mpiga besi mlevi, na wawili hao wanapiga barabarani. Hitori anapiga macho yakiwa yamefumbwa. Hiroi anamwambia kwamba walio mbele yake si maadui. Hitori anafungua jicho moja na kuona watu wachache waliosimama kwa hiari yao kumsikiliza. Basi. Hakuna muujiza. Kesho yake anaogopa kama jana. Ila sasa analo jambo moja analolijua kwa macho yake, na wasichana wawili walionunua tiketi siku ile wanatokea tena ukumbini siku ya kimbunga, wakati sehemu kubwa ya ukumbi imebaki tupu na wimbo wa kwanza umekwenda ovyo. Anapojitosa kupiga gitaa peke yake kabla ya wimbo wa pili, anawaokoa wenzake bado akiwa na hofu ileile. Macho yake yanabaki kwenye gitaa.

Wapo wanaosema mizaha ya anime hii inamdhihaki mgonjwa: uso wake unavurugika, anayeyuka, anageuka kinyago, mara picha halisi zinaingia katikati ya katuni. Siafiki. Mkurugenzi Keiichiro Saito ameichora hofu jinsi inavyohisiwa na mwenye nayo. Mtu akikuuliza jina lako mbele ya watu kumi, uso wako kweli unahisi umeanguka, ingawa kwa nje hakuna anayeona kitu.

Ninalolalamikia ni jambo lingine. Hitori anaitupa fomu ya kushiriki tamasha la shule, na Ikuyo Kita, mwimbaji wao, anaiwasilisha. Baadaye anaomba msamaha, na hadithi inamsamehe haraka mno. Kita ni mtu mwema, na onyesho lile limetupa tukio zuri kuliko yote: gitaa la Hitori linaharibika jukwaani, na Kita, ambaye miezi michache nyuma hakujua hata kulishika gitaa, anaendelea kupiga ili mwenzake apate nafasi ya kujipanga. Nimelia hapo. Lakini kumsajili mtu mwoga bila ridhaa yake ni kosa hata matokeo yakiwa matamu, na nisingependa kijana yeyote aliyetazama amfanyie rafiki yake vivyo hivyo.

Kwa wapenda muziki kuna utamu zaidi. Majina ya ukoo ya wasichana hawa wanne ni ya wanamuziki wa Asian Kung-Fu Generation, bendi ya roki iliyoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Kanto Gakuin, Yokohama. Ukumbi wao, STARRY, umechorwa kwa kufuata ukumbi halisi wa Shelter ulioko Shimokitazawa, mtaa wa Tokyo ambako bendi changa hupiga katika vyumba vidogo vya chini ya ardhi. Nyimbo zenyewe zimetungwa kwa uzito, na albamu ya nyimbo hizo inasikilizika hata na asiyejua anime.

Msimu wa pili ulitangazwa Februari 2025. Mashabiki wengi wanasubiri kumwona Hitori akiwa nyota mwenye kujiamini, anayezungumza na umati kama Kita. Mimi nasubiri apige vizuri zaidi, aandike mashairi makali zaidi, abishane na Ryo kuhusu hela zake, na akitoka jukwaani aende kujificha chini ya meza kama kawaida, wenzake wakimsogezea chakula hukohuko.