Masikio ya Zimamoto Yasisubiri Kustaafu

Mjomba wangu alifanya kazi ya zimamoto hadi akastaafu, na sasa anaishi Mikindani, Mtwara. Ukimtembelea, mkae uso kwa uso ndipo uanze kuongea. Lori likipita barabarani analisikia. Ngoma anaisikia. Lakini mjukuu akimwambia "babu, shika," yeye anauliza, "nifike wapi?" Sauti kama sh, s, f na t ni nyembamba, na kelele za kazini huanza kuziiba hizo kabla ya nzito. Nyumbani tulisema ni uzee. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na hadi leo linaniuma.

Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani, NIOSH, wanashauri kelele isizidi desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu. Zikifika 100, mtu ana dakika 15 tu kwa siku nzima. King'ora cha gari la zimamoto kinapita hapo, cheniso, ule msumeno wa injini, nayo inapita. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vinavyonasa sauti, na kwa binadamu vikishakufa havioti tena.

Nimezungumza na vijana kadhaa wa kazi hii, na jibu lao karibu ni moja: "Nikiziba masikio nitasikiaje amri? Nitamsikiaje mtu anayelia ndani?" Ni swali la haki, na anayelipuuza asithubutu kuwafundisha. Mimi siwezi kumwamuru mtu aliye katikati ya moshi azibe masikio. Ila kelele haiko kwenye moto peke yake. Iko asubuhi, pampu na ving'ora vinapojaribiwa. Iko ndani ya gari, vioo vikiwa wazi kwa sababu ya joto letu hili la pwani. Iko pale cheniso inapokata mwembe ulioanguka barabarani. Maganda ya korosho yana mafuta yanayowaka vikali. Ghala la korosho likishika moto, mwendesha pampu anaweza kusimama kando ya mashine saa nyingi bila kuingia ndani hata mara moja. Huyo vizibo vya masikio vinamzuia nini?

Hapo ndipo ninapoona mafunzo ya mtandaoni ya kulinda masikio yanatufaa kweli watu wa Kusini. Mkufunzi akitoka Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 500 kufika Mtwara, akaongea siku moja na walio zamu hiyo, akarudi. Zamu nyingine hazikumwona. Simu janja ipo mfukoni kila zamu. Huko Marekani watafiti wamewahi kuwaandalia zimamoto mafunzo ya intaneti yanayomuuliza askari maswali kwanza, kisha yanampa ushauri kulingana na majibu yake. Naipenda njia hiyo, maana dereva, mwendesha pampu na mshika mpira wa maji hawana kelele moja.

Na kuna jambo ambalo bango la ukutani haliwezi kulionyesha. Kizibo cha sponji kinasokotwa kwa vidole mpaka kiwe chembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kinaingizwa, kisha kinashikiliwa kwa kidole hadi kijae. Wengi wanakichomeka nusu tu, hakizuii kitu, wanasema hakifanyi kazi. Video ya dakika mbili inamaliza ubishi huo. Iwe ya Kiswahili, iwe nyepesi isile bando la mtu, iweze kuhifadhiwa kwenye simu. Na siku inapotumwa, boksi la vizibo liwe tayari mezani kituoni, na mkuu wa zamu awe wa kwanza kuvaa. Video peke yake, bila kizibo cha kushika, itatazamwa na kusahauliwa.

Juzi nilimpelekea mjomba pakiti moja aione. Alikisokota kizibo kimoja vidoleni, akakitazama kinavyojaa tena taratibu. Akaniuliza kama vitu hivi vilikuwepo enzi zao.

Nilimjibu kwamba vilikuwepo. Hakunisikia. Ikabidi nirudie.