Kilo ngapi za mahindi kwa kilo moja ya naitrojeni?

Tangu serikali ya Kenya iteremshe kwa ruzuku bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mnamo Septemba 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata, kila anayeuhoji mpango huo huulizwa iwapo anataka mkulima arudi kununua mfuko kwa zaidi ya 6,000. Ni swali la haki, kwani bei hiyo iliwafanya wengi wapande mikono mitupu. Lakini limewaziba midomo wataalamu wa udongo, watu ambao hawajasema hata siku moja kwamba mkulima asisaidiwe. Wanachouliza ni hiki: msaada huo ukishafika shambani, udongo unaupokea vipi?

Wanaoitetea ruzuku hawatetei upepo. Mavuno ya mahindi yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Kweli, 2022 ulikuwa mwaka wa ukame na 2023 mvua ilirudi, kwa hiyo si halali kuipa mbolea sifa yote. Hata hivyo, mvua peke yake haimwongezei hindi naitrojeni, kirutubisho kinacholipa jani rangi ya kijani, na shamba la manjano halijazi ghala. Usajili wa wakulima na vocha za simu umepunguza mwanya wa madalali uliokuwepo katika mipango ya zamani. Kashfa ya mwaka 2024, ya mifuko iliyouzwa kama mbolea bila kuwa na ubora wa mbolea, ilikuwa dhuluma kubwa, ila dawa yake ni ukaguzi. Haitoshi kuwa sababu ya kuifuta ruzuku.

Sasa tuangalie hesabu ya ekari moja. Mfuko wa DAP wa kupandia una asilimia 18 ya naitrojeni, yaani kilo 9. Mfuko wa CAN wa kukuzia, wenye asilimia 26, una kilo 13. Jumla kilo 22. Kwenye shamba lililochoka, kila kilo ya naitrojeni huweza kurudisha kilo 10 tu za mahindi, au pungufu, hata tukihesabu humo humo faida ya fosforasi, kirutubisho kingine kilicho ndani ya DAP. Hizo ni kilo 220, gunia mbili na ushei za kilo 90. Tuseme gunia ni shilingi 3,000: mkulima amepata kama 7,300 za ziada. Mbolea imemgharimu 5,000, na amebaki na 2,300, ambazo ndani yake kuna nauli ya kwenda na kurudi ghala la Bodi ya Nafaka anakochukua mbolea.

Kwa bei kamili, tuseme 6,000 kwa mfuko, mbolea hiyo hiyo ni shilingi 12,000. Kwa hiyo mkulima na hazina ya serikali wametumia 12,000 kuzalisha mahindi ya 7,300. Mkulima haoni hasara kwa sababu 7,000 zimelipwa na mwingine. Ndiyo maana hesabu hii haizungumzwi: vocha imeificha. Siku ruzuku itakapopungua, na bajeti hupungua, mkulima huyo ataacha mbolea mara moja, na atakuwa sahihi.

Chukua shamba la pili lenye mbolea ile ile, ila udongo wake umetengenezwa, mbegu ni chotara, imepandwa mvua inapoanza na palizi imefanywa mapema. Hapo kilo moja ya naitrojeni inaweza kurudisha kilo 25. Hizo ni kilo 550, gunia sita, kama shilingi 18,300. Mkulima huyu angeweza kulipa bei kamili na bado abaki na zaidi ya 6,000. Tofauti ya kilo 10 na kilo 25 ina uzito kuliko tofauti ya mfuko wa 2,500 na wa 6,000, lakini mikutano yote huitishwa kujadili bei ya mfuko.

Na si hesabu ya mezani tu. Utafiti wa Paswel Marenya na Christopher Barrett uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba pale mboji ilipokwisha udongoni mbolea haikulipa. Wenye mashamba hayo mara nyingi ndio maskini, wale wale ambao ruzuku inasemekana kuwalenga.

Kinachokula mbolea ni nini? Katika sehemu kubwa ya Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nandi na Kakamega, jibu la kwanza ni asidi. pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyolala udongoni huyeyuka. Inachoma ncha za mizizi, mizizi inabaki mifupi na minene, na fosforasi ya DAP inakamatwa kabla mmea haujaifikia. Mkulima huona majani ya zambarau kwenye miche, dalili ya kukosa fosforasi, na kuamua kuongeza DAP. Naitrojeni ya DAP iko katika hali ya amonia, na bakteria wa udongo wanapoigeuza kuwa naitreti huachilia asidi zaidi. Miaka mingi ya mbolea hiyo moja, msimu baada ya msimu, imechangia kutufikisha hapa, na vocha inayorahisisha DAP bila kuuliza pH ya shamba inaendeleza safari ile ile.

Dawa yake inajulikana: chokaa ya kilimo, kama tani 2 kwa hekta, yaani mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, ikipungua au kuzidi kulingana na kipimo. Isagwe laini, kwa sababu punje kubwa hukaa miaka bila kufanya kazi. Isambazwe na kulimiwa ndani sentimita 15 hadi 20, angalau miezi miwili kabla ya kupanda, wala isichanganywe na DAP, maana naitrojeni itapotea hewani. Hufanya kazi misimu mitatu au minne. Mwenye chai aiweke mbali na shamba lake la chai, kwani mmea huo unapenda asidi. Na hakuna sababu ya kubahatisha: chota udongo sehemu 15 hadi 20 za shamba kwa kina cha sentimita 20, ukiepuka zizi na vichuguu, uchanganye kwenye ndoo isiyowahi kubeba mbolea, uanike kivulini, upeleke nusu kilo maabara.

Wapinzani wa chokaa wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni uzito: mifuko 16 badala ya miwili, na barabara za vijijini ni zile tunazozijua. Hoja hii inaelekea kwenye ruzuku ya usafiri, maana mwamba wa chokaa tunao, kwa mfano Koru katika kaunti ya Kisumu, na gharama kubwa ni lori. Shilingi 7,000 zinazolipwa kwa ekari kila msimu, zikielekezwa kwenye chokaa mara moja, hugawanywa kwa misimu mitatu au minne.

Ya pili ni ngumu zaidi. Sehemu ya mahindi ya Bonde la Ufa la kaskazini hulimwa kwenye mashamba ya kukodi, mkataba wa msimu mmoja. Nani ataweka mifuko 16 ya chokaa ili mwenye shamba amnyang'anye mwakani au ampandishie kodi? Kwa mkulima huyo, mifuko michache iliyochanganywa na udongo wa mstari wa kupandia, ukanda mwembamba tu, ndiyo njia inayowezekana kwa sasa, na italazimika kurudiwa kila msimu. Kwa mwenye shamba lake, inatosha vocha impe hiari ya kuchukua chokaa mahali pa DAP pindi cheti cha maabara kinapoonyesha pH chini ya 5.5, na magari yafike Desemba na Januari, shamba likiwa tupu. Yakifika Machi, chokaa itakuwa imechelewa kama mbolea inavyochelewa leo.