Kodi ya Maktaba Inanunua Nini Hasa?

Ukifungua Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, utaikuta maktaba kwenye kapu la ajabu: pamoja na kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Yote hayo ni kazi ya kaunti. Basi serikali inayotakiwa kununua vitabu ndiyo hiyo hiyo inayodaiwa dawa za zahanati, barabara za mashinani na mishahara ya walimu wa chekechea. Bajeti ikijadiliwa, maktaba hukaa mkiani.

Anayepinga kodi kutumika kwa maktaba asigeuzwe adui wa elimu. Mama mboga hutozwa ada ya soko auze asiuze. Mwambie achague kati ya choo cha soko na rafu ya riwaya, na jibu lake unalijua. Isitoshe, ingia maktaba ya mjini mitihani ya kidato cha nne, KCSE, inapokaribia. Meza zimefurika, rafu zimelala. Watahiniwa wamekuja na vitabu vyao na karatasi za mitihani iliyopita. Wa vyuo wamekuja na kompyuta zao, wanasaka waifai na soketi ya kuchajia. Kitabu chenyewe cha maktaba hakuna aliyekigusa. Mpinzani anauliza: kodi yangu inanunua nini hapa?

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika mjadala huu, na watetezi wengi hulikwepa kwa kuhubiri “utamaduni wa kusoma”. Mimi ningemjibu waziwazi: inanunua kiti, taa na kimya. Katika nyumba ya chumba kimoja kule Mathare, kitanda, jiko na runinga vimebanana, na redio ya jirani unaisikia kama yako. Humo, meza ya kudurusia ni adimu kuliko kitabu. Shule humpa mtoto kitabu cha kiada. Meza ya jioni hapewi na mtu. Na kimya hakiuzwi kwa bei ya maskini. Mkahawa utakupa waifai, lakini sharti ununue kahawa, na kahawa hiyo ni unga wa jioni nyumbani. (Ndiyo maana hata ada ndogo ya mlangoni siipendi: humrudisha yule yule aliyekusudiwa.) Rafu ambazo haziguswi haziniambii kwamba maktaba haina kazi. Zinaniambia kwamba vitabu vyake vimechakaa, au vililetwa kwa maboksi ya msaada bila kumwuliza msomaji anataka nini.

Basi waachiwe wafadhili, wengine husema. Nairobi tumeyaona hayo kwa sura mbili. Jengo la maktaba ya McMillan, lenye simba wawili mlangoni, lilifunguliwa 1931 kumkumbuka William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani. Kwa zaidi ya robo karne Mwafrika aliyekuwa akilipa kodi ya kichwa hakuruhusiwa kusoma humo. Lilikuja kuwa la wote lilipoingia mikononi mwa baraza la jiji. Sura ya pili inatia moyo: taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imeshirikiana na kaunti kuyafufua matawi ya maktaba hiyo ya Kaloleni na Makadara. Kazi nzuri, na ingechukua miaka mingi kama ingengoja zabuni za kaunti. Ila hata Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharamia maktaba zaidi ya 2,500 duniani, kwa kawaida aliutaka mji uahidi kutenga kila mwaka, kutoka kwenye kodi, asilimia 10 ya pesa uliopewa. Alielewa kwamba mfadhili huezeka paa. Mshahara wa bawabu mwaka wa kumi si wake.

Hapo kwa bawabu ndipo mpinzani anapopata hoja yake kali zaidi, ingawa mara nyingi haitumii. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Nia ni njema: pesa zisiliwe zote na ofisi. Lakini tazama zinavyoiangukia maktaba. Jengo ni maendeleo, lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukatwa na picha ya mwakilishi wadi. Mkutubi ni mshahara. Kitabu kipya, stima na gazeti la leo ni matumizi ya kawaida. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kupata ukumbi mpya kuliko kupata mtu wa kuufungua. Anayesema kodi ya maktaba itaishia kwenye saruji hatii chumvi, na watetezi wanaoshangilia kila msingi unaochimbwa wanamsaidia kushinda.

Mimi niko upande wa kodi, lakini si kwa kila ombi. Wadi yetu ikiletewa ramani ya maktaba kwenye kikao cha maoni ya umma, nitauliza kwanza idadi ya wakutubi watakaoajiriwa, kiasi cha vitabu kila mwaka, na saa ya kufunga. Ikiwa inafungwa saa kumi na moja jioni, wakati fundi wa soko la Gikomba bado hajapanda matatu, nitapiga kura ya choo cha soko.