Mili ya Hispania na JKT yetu: nani anabeba gharama?

Ukiishi Hispania, siku moja utawekewa filamu ya kuchekesha na kuliza kuhusu mili, yaani utumishi wa lazima jeshini uliokoma tarehe 31 Desemba 2001. Wenyeji wa makamo hucheka mapema. Sisi wageni tunapitwa, maana hatujui droo ilivyokuwa ikiitikisa nyumba nzima.

Kijana aliandikishwa kwenye halmashauri ya kwao, akapimwa afya, kisha droo ikaamua pa kumpeleka. Kina mama wengi waliomba isitoke Ceuta wala Melilla, miji ya Hispania iliyo ng'ambo ya bahari, Afrika Kaskazini. Waliozidi idadi iliyotakiwa walibaki makwao bila kuvaa sare. Mwanafunzi aliweza kuahirishiwa, na vilevile anayemtunza mama mjane, ila kwa vielelezo. Sheria ya 1984 ilitaka miezi 12. Ile ya 1991 ikashusha hadi 9.

Zamani ilikuwa dhuluma ya wazi. Kabla ya 1912, mwenye peseta 1,500 (sarafu ya Hispania ya wakati huo) alimkomboa mwanawe asiende jeshini. Julai 1909, askari wa akiba, wengi wao wenye wake na watoto, walipoitwa kupigana Morocco, Barcelona iliwaka kwa ghasia wiki nzima. Hata sheria ya 1912 iliwaachia matajiri upenyo: peseta 2,000 zilipunguza utumishi hadi miezi 5.

Kwetu Tanzania, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria, iliyositishwa 1994 na kurejeshwa 2013, huwaita wahitimu wa kidato cha sita kwa miezi mitatu hivi. Kwangu ni bora kuliko mili: ni fupi, na haina bei ya kujikomboa.

Ila someni orodha ya vifaa kwenye tangazo la wito. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, na nauli. Ukinunua bukta kwa haraka utaletewa fupi au yenye zipu, ukanunue tena. Mtoto wa Tanga akipangiwa Mafinga mwezi Juni, sweta moja haimtoshi, kule ni kipupwe. Yote hayo yanamwangukia mzazi ambaye tayari anahangaikia ada ya chuo.

Mili, pamoja na ubaya wake, ilimvisha kijana sare kwa fedha za serikali. Kambi zetu nazo zigawe bukta, raba na shuka siku ya kuripoti, na nauli itolewe kwa hati ya usafiri. Bajeti ikiwa ndogo, waanze na nauli, kwa sababu anayetoka Kagera kwenda Ruvu hawezi kuikwepa.