Aliyeshindwa fainali: apewe kipaza sauti, au aachwe aende zake?

Julai 12, 2025, Amanda Anisimova alifungwa 6-0, 6-0 na Iga Świątek katika fainali ya tenisi ya Wimbledon, London. Mechi nzima ilichukua dakika 57. Tangu 1911 hakuna mwanamke aliyetoka patupu namna hiyo katika fainali ya mashindano hayo. Kisha, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, alikabidhiwa sahani ya mshindi wa pili na kusogezewa kipaza sauti mbele ya watu karibu 15,000, huku machozi yakimtoka. Ubishi uliozuka 2023, Ons Jabeur wa Tunisia alipolia uwanja huohuo baada ya kushindwa na Markéta Vondroušová, ukarudi upya: mtu amepigwa, jasho halijakauka, mnamtaka aseme nini?

Wanaotaka utaratibu huu ufutwe wana hoja, na si huruma tupu. Kanuni za mashindano manne makubwa, yale ya Grand Slam, zinamtaka kila aliyecheza fainali ahudhurie hafla ya tuzo, la sivyo hupigwa faini. Kwa hiyo hiari yake ni ya jina tu. Nahodha wa soka aliyeshindwa huvaa medali, hupita katikati ya wenzake na kuingia ndani. Mcheza tenisi hana wenzake. Anasimama peke yake, mita chache kutoka kwa aliyemfunga, na dakika chache tu zimepita tangu pointi ya mwisho. Mwili nao haumsaidii: mtu anayejizuia kulia koo hukaza, sauti hukatika, na kila anapomeza ili azungumze lile donge humrudia. Katika fainali ya mashindano ya Ufaransa huko Paris mwaka 1999, Martina Hingis, akiwa na miaka 18, alitoka uwanjani huku akizomewa baada ya Steffi Graf kumpindulia mechi, na mama yake ndiye aliyemrudisha kwenye hafla akiwa analia. Ukiitazama picha ile unaelewa kwa nini mtu angesema imetosha.

Ila hoja hiyo inadhani aibu inatoka kwenye kipaza sauti. Hapo ndipo inapokwama.

Mchukue Jana Novotná. Katika fainali ya Wimbledon ya 1993 aliongoza 4-1 kwenye seti ya tatu dhidi ya Graf, akawa na pointi ya kwenda 5-1, akakosea kuanzisha mpira mara mbili, na kuanzia hapo mechi ikamponyoka mpaka ikaisha 7-6, 1-6, 6-4. Hakuna aliyemhoji uwanjani. Alifika mbele ya Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, kupokea sahani yake, akamwangukia begani akalia. Picha ikazunguka dunia. Novotná alirudi akalitwaa taji hilo 1998, na alipofariki 2017 taarifa za kifo chake bado zilibeba lile bega. Utaratibu wanaoutaka wapinzani wa mahojiano ndio aliotendewa yeye: tuzo, makofi, nenda zako. Kilichobaki ni picha isiyo na neno lake hata moja. Kamera iliendelea kufanya kazi, kama itakavyoendelea kesho, maana hakuna anayependekeza kamera izimwe.

Sasa mweke pembeni yake Andy Murray wa Julai 2012, aliyefungwa fainali ya Wimbledon na Roger Federer kwa seti tatu kwa moja. Waingereza wengi walimwona mtu baridi, mwenye kununa. Mbele ya mtangazaji Sue Barker alianza kwa kusema kwamba atajaribu kuongea na haitakuwa rahisi, na haikuwa rahisi. Lakini katikati ya kwikwi alimtania Federer, ambaye watu walikuwa wakisema amezeeka kwa kuwa ana miaka 30, na akawaambia watazamaji kwamba presha ya kucheza Wimbledon haitoki kwao, wao ndio wanaomrahisishia. Wengi waliokuwa hawampendi walibadilika mchana ule. Wiki nne baadaye, kwenye nyasi zilezile, alimfunga Federer akachukua dhahabu ya Olimpiki, na mwaka uliofuata akalitwaa taji la Wimbledon. Sidai kwamba machozi ndiyo yaliyompa ushindi. Ninachosema ni kwamba yeye alipata nafasi ya kuielezea siku yake mwenyewe, na Novotná hakuipata.

Hata Anisimova, ambaye kisa chake ndicho kinachotumika zaidi kudai mahojiano yafutwe. Alipofika kumshukuru mama yake, aliyeruka kwa ndege asubuhi ile kuja kumtazama, alimtania kwamba wameuvunja mwiko wao wa mama kuruka kuja kumtazama, na kwamba hiyo kwa hakika siyo sababu ya kushindwa. Mtu aliyekosa gemu zote 12 alikuwa bado anaweza kumwondolea mzazi wake lawama mbele ya dunia, na kwa mzaha. Ondoa kipaza sauti, na kinachobaki kwenye kumbukumbu ni 6-0, 6-0. Miezi miwili haijaisha alimtoa Świątek robo fainali ya US Open. Tunao usemi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na mara nyingi tunamtupia aliyeshindwa ili anyamaze. Kukubali kwenyewe kunahitaji mahali pa kukusemea.

Basi kama kipaza sauti si mkosaji, kwa nini mahojiano haya huvurugika mara nyingi hivi? Sababu moja ni ya kifundi, na husemwa mara chache. Uwanja wa Arthur Ashe, New York, unapochezwa US Open, una viti zaidi ya 23,000. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 70 kutoka aliposimama mchezaji, neno lake humrudia sikioni baada ya sehemu ya tano ya sekunde hivi, na huo ndio ucheleweshaji unaouvuruga ulimi kuliko mwingine: mtu anayesikia sauti yake ikija nyuma kwa kiasi hicho huanza kuvuta silabi, kurudia maneno, hata kugugumia. Mtangazaji amezoea, anajua kumaliza sentensi bila kujisikiliza. Mchezaji hajazoea, na huenda anaongea kwa lugha ya pili au ya tatu. Swali refu humfikia limechanganyika na makofi na mwangwi, anashika nusu tu, anajibu kingine, na nyumbani tunasema amepoteza akili. Dawa ipo na ni ya bei nafuu: spika ndogo sakafuni inayomwelekea mchezaji, ili aisikie sauti yake papo hapo kabla mwangwi haujafika.

Sababu ya pili ni swali lenyewe. Hapa tukae kidogo, maana hafla ya US Open ya Septemba 8, 2018 ina somo ambalo wengi hawakuliona kwa sababu ya kelele. Naomi Osaka alikuwa amemfunga Serena Williams 6-2, 6-4, baada ya ule ugomvi wa Serena na mwamuzi Carlos Ramos ulioishia kwa adhabu ya gemu zima. Uwanja ulizomea. Osaka, mwenye miaka 20 na taji lake la kwanza kubwa, alishusha kofia yake usoni afiche machozi. Rais wa chama cha tenisi cha Marekani, Katrina Adams, akasema mbele yake kwamba pengine huo haukuwa mwisho waliokuwa wanautafuta. Kisha Tom Rinaldi, mtangazaji wa televisheni ya ESPN, akamwendea Serena na swali. Serena akajibu kwamba hataki kuwa mkorofi, ila hataki maswali. Anataka kuwaambia watu kwamba Osaka amecheza vizuri, na wasizomee tena. Zamu ya Osaka ikaja. Aliulizwa jinsi ukweli unavyolingana na ndoto yake ya kucheza na Serena fainali. Siku nyingine lingekuwa swali zuri sana. Osaka akaomba radhi, akasema ataliweka kando swali hilo, akaendelea: anajua kila mtu alikuwa akimshangilia Serena, na anasikitika kwamba imeishia hivi.

Wachezaji wawili, mmoja baada ya mwingine, walilikataa swali lakini wakabaki na kipaza sauti. Hafla iliokolewa hapo, na wao ndio walioiokoa. Aliyekuwa na hotuba na aliyekuwa na maswali hawakuikaribia. Tangu siku ile ingetosha waandaaji wote wajue cha kukata na cha kubakiza.

Swali huumiza kwa sababu linachagua mada. Ukimwuliza mtu aliyeshindwa anajisikiaje, umemwamuru aingie palepale panapouma, na huna neno la kumsaidia kutoka. Ukimweleza kwanza kilichotokea kisha ukanyamaza, hata swali hakuna. Kuna maelezo yanayosubiri aitikie. Ukimwuliza kuhusu mpinzani wake, ana jibu tayari na sentensi mbili za kumpa pumzi. Watangazaji wazoefu wanalijua hili. Barker, bingwa wa mashindano ya Ufaransa wa mwaka 1976, alikuwa amesimama upande huo wa wavu kabla ya kushika kipaza sauti, na lililo muhimu kuliko maneno aliyouliza ni kwamba alimwacha Murray anyamaze muda mrefu bila kuharakisha kuujaza. Lakini mtangazaji wa kawaida ana sauti ya mkurugenzi wa matangazo sikioni ikimhesabia sekunde, na kimya ndicho kitu cha kwanza ambacho televisheni hukiogopa. Tusimlaumu peke yake.

Melbourne, kwenye mashindano ya Australia, wana njia yao: mchezaji wa fainali hupewa kipaza sauti akatoa hotuba yake mwenyewe, bila kuhojiwa. Ndiyo njia iliyotupa Li Na wa 2014, aliyemshukuru wakala wake kwa kumtajirisha na kumwambia mumewe ana bahati ya kumpata, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Ndiyo iliyotupa pia Federer wa 2009 akilia mbele ya Rafael Nadal aliyemfunga, akishindwa kuendelea, akarudi kumalizia baadaye kidogo. Kurudi huko kunawezekana pale ambapo dakika ni za mchezaji.

Wanaotetea maswali watasema wapo wasioweza kuhutubia. Kweli. Osaka huyohuyo, alipotwaa taji la mashindano ya Indian Wells, Marekani, Machi 2018, aliachiwa aongee peke yake, akaanza kwa kusalimia mara mbili, akapotea, akatangaza kwamba pengine hiyo itakuwa hotuba mbovu kuliko zote za ushindi. Watu waliipenda. Na kwa yule atakayekwama kabisa, mtangazaji asimame hatua mbili pembeni akiwa na swali moja la akiba kuhusu mpinzani, alitoe pale tu mchezaji anapomtazama. Mshindwa aanze kabla ya hotuba yoyote ya kiongozi, apewe dakika moja na nusu bila kudaiwa aitumie yote, aongee lugha anayoitaka na tafsiri ifuate. Akisema hataki, anyanyue mkono kwa watazamaji akakae, bila faini.

Televisheni itasema muda hautoshi. Septemba 2009, baada ya Juan Martín del Potro kumfunga Federer kwa seti tano New York, aliomba aseme maneno machache kwa Kihispania. Dick Enberg, mtangazaji wa televisheni ya CBS, akamjibu kwamba muda umekwisha, kisha akaendelea kusoma orodha ya zawadi za wadhamini, gari likiwemo. Del Potro ilibidi aombe tena ndipo akaruhusiwa awasalimie watu wake wa Argentina, kwa sharti la kufanya haraka.