Kitufe kimegoma, naambiwa ning'oe mfumo mzima

Jamani, mafundi wa alamu wa Dar watatumaliza. Kile kidude cha kubonyezea namba pale mlangoni kimechakaa: 1, 4, 7 na 9 zimefutika kabisa, na hiyo 7 mpaka uikandamize kwa dole gumba. Mwizi hata hasumbuki, maana namba nne zilizofutika zina mipangilio 24 tu. Naulizia kingine Kariakoo, jibu ni lile lile: "Hiyo ya zamani bosi, ng'oa yote uweke mpya." Yote ipi? Boksi kuu ni zima, king'ora kinaamsha mtaa! Nyuma ya kidude kuna nyaya nne tu. Sawa, lazima kioane na boksi lake. Basi nitafutie kinachooana, kamera sijaulizia!